Wasomaji wauliza: Hatifungani za kijani, nani hulipa na nani hukagua

Tangu hatifungani ya maji ya Tanga ilipoanza kuuzwa Februari 2024, maswali kuhusu deni hili linaloitwa "la kijani" hayajakatika. Wengine wana akiba wanataka kujua waiweke wapi, wengine wana miradi wanatafuta fedha. Tumechagua maswali saba.

Mimi ni mwalimu mstaafu, Muheza. Kijana wangu ananishauri niweke sehemu ya kiinua mgongo kwenye hatifungani ya kijani. Anasema kwa kuwa ni fedha ya mazingira na wakubwa wameisimamia, haiwezi kupotea. Ni kweli?

Mwalimu, shikamoo. Kijana anakutakia mema, ila amechanganya mambo mawili ambayo lazima yatenganishwe kabla shilingi haijatoka mfukoni.

Hatifungani ni hati ya deni. Unamkopesha aliyeitoa, naye anaahidi kukulipa riba kwa tarehe zilizoandikwa na kukurudishia mtaji itakapoiva. Neno "kijani" halisemi lolote kuhusu uwezo wake wa kulipa. Linasema fedha hiyo itatumika wapi: maji, umeme wa jua, taka, misitu, majengo yasiyokula umeme mwingi. Kwa hiyo kila hatifungani ya kijani ina maswali mawili, na jibu la moja halijibu lingine. Nani atanilipa, kwa fedha ipi? Na nani atahakikisha kazi iliyoahidiwa imefanyika?

Tuanze na la kwanza, kwa mifano miwili ya hapa nyumbani. Mwaka 2023 Benki ya CRDB ilitoa hatifungani ya kijani ya miaka mitano kwa riba ya asilimia 10.25 kwa mwaka. Ililenga kukusanya shilingi bilioni 40, zikaja zaidi ya bilioni 171. Fedha hizo benki inazikopesha kwa miradi ya kijani. Aliyekopa kwa ajili ya mitambo ya jua akishindwa kulipa, hasara ni ya benki, na deni lako kwa benki liko palepale. Basi anayenunua hatifungani ya namna hiyo anakagua afya ya benki: mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, ni kiasi gani, mtaji unatosha, faida inapanda au inashuka.

Ya Tanga ni nyingine kabisa. Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga iliomba shilingi bilioni 53.12 kwa miaka kumi, kwa riba ya asilimia 13.5. Zikapatikana bilioni 54.72, yaani asilimia 103, na Mei 2024 ikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE). Hapa mlipaji ni mamlaka ya maji, na fedha inatoka kwenye bili za wateja. Ukifungua waraka wa matarajio, yaani kitabu ambamo mtoaji anaeleza hesabu zake na masharti ya hatifungani kabla ya kuuza, usihangaike na picha za chemchemi. Tafuta maji yanayopotea ni asilimia ngapi ya yanayozalishwa, kwa sababu maji yaliyovuja au kuibwa hayana bili. Tafuta taasisi za umma zinadaiwa kiasi gani. Na kumbuka kwamba mamlaka haiwezi kupandisha bei kwa kuamua tu, kwani bei za maji hupitia EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Gharama za umeme zikipanda leo na bei ya maji ikasubiri kibali, pengo hilo linabanwa kutoka kwenye fedha ileile inayokulipa wewe.

Kuna jambo wewe wa Muheza unalijua kuliko wachambuzi wa mjini. Maji ya Tanga yanatoka Mto Zigi, unaoteremka kutoka Usambara Mashariki hadi Bwawa la Mabayani. Mlima ukilimwa hadi kingo za mto, mvua inashusha udongo, bwawa linapungua kina, na maji machafu yanadai dawa nyingi zaidi ili yasafike. Hiyo ni gharama ya kila siku, na inaingia moja kwa moja kwenye hesabu ya kulipa deni. Ndiyo maana kwa mradi wa maji, fedha inayokwenda kutunza chanzo inalinda pia mtaji wa mkopeshaji. Ukiona waraka unazungumzia mabomba tu na chanzo umekisahau, hapo pana kasoro.

Sasa hesabu. Shilingi 1,000,000 kwa asilimia 13.5 inazaa 135,000 kwa mwaka; ikilipwa mara mbili, ni 67,500 kila miezi sita. Angalia pia mtaji unarudije. Baadhi ya hatifungani hurudisha wote siku ya mwisho, nyingine hurudisha kidogokidogo katika miaka ya mwishomwisho, na riba hushuka kadiri mtaji unavyopungua. Mstaafu anayepanga matumizi lazima ajue ni ipi. Na fedha ya matibabu, ya ada au ya paa linalovuja isiingie kabisa humu. Miaka kumi ni mingi.

Nina kibanda Kariakoo, nimeweka akiba laki tano. Mauzo yalishafungwa. Bado naweza kununua, na naanzia wapi?

Unaweza, kwa kumnunulia mtu anayeuza ya kwake. Hilo ndilo soko la pili.

Nenda kwa dalali wa soko la hisa mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), ukiwa na kitambulisho cha NIDA, picha ndogo na namba ya akaunti yako ya benki. Utajaza fomu ya kufungua akaunti ya CDS. Hapo ndipo umiliki wako unaandikwa kielektroniki, kwa hiyo usitarajie cheti cha karatasi cha kuficha chini ya godoro. Kisha unampa dalali oda: hatifungani ipi, thamani gani, bei ya juu kabisa unayokubali. Uliza ada zote kabla ya kutia saini, pamoja na kima cha chini. Kwa ile ya CRDB ilipouzwa mara ya kwanza kilikuwa shilingi 500,000.

Makosa yanayochelewesha watu ni ya kizembe tu. Jina la benki na la NIDA hayafanani herufi kwa herufi. Akaunti ya benki ni ya mke au ya mtoto. Namba ya simu imebadilishwa na hakuna aliyemwambia dalali. Riba ikikosa pa kuingia, hukaa bila kulipwa hadi mwenyewe ajitokeze.

Jambo la kukazia: ukinunua katikati ya miezi sita ya riba, utamlipa muuzaji bei pamoja na riba ya siku alizoshikilia yeye. Hujaibiwa. Tarehe ya malipo ikifika, riba ya miezi sita yote itaingia kwako.

Na asikudanganye mtu wa kundi la WhatsApp anayeuza "hatifungani ya kijani" kwa kutuma fedha kwenye namba ya simu. Hatifungani iliyoorodheshwa inaonekana kwenye taarifa za DSE, na fedha hulipwa kupitia dalali au benki iliyotajwa kwenye waraka wa matarajio.

Nikitaka kuuza kabla haijaiva, nitapata fedha yangu yote?

Pengine zaidi, pengine pungufu. Inategemea riba za siku hiyo.

Tuseme una hatifungani ya thamani ya 1,000,000, riba asilimia 10.25 inayolipwa mara mbili kwa mwaka, na imebakiza miaka mitatu. Wakati huohuo wawekezaji wanapata asilimia 13 mahali pengine kwa muda huohuo. Hakuna atakayekupa milioni nzima kwa karatasi inayozaa kidogo. Atapunguza bei mpaka pato lake lifikie asilimia 13, na ukifanya hesabu ya malipo sita ya 51,250 pamoja na mtaji, bei inaangukia kama 933,400. Riba za soko zikishuka chini ya 10.25, mambo yanageuka na unauza kwa zaidi ya milioni.

Tatizo kubwa zaidi kwetu ni wanunuzi kuwa wachache. Wanunuzi wakubwa, kama mifuko ya hifadhi ya jamii na kampuni za bima, hununua wakashikilia hadi mwisho, hivyo oda yako inaweza kukaa sokoni wiki kadhaa. Ukiuza kwa haraka ya msiba au karo, utaumia bei.

Kuhusu kodi, ambayo wengi wameiuliza: Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ilisamehe kodi riba ya hatifungani za kampuni na za manispaa zilizotolewa na kuorodheshwa DSE kuanzia 1 Julai 2022. Sheria za kodi huguswa kila bajeti, kwa hiyo mwulize dalali hali ya mwaka huu kabla ya kupiga hesabu ya mwisho.

Mimi ni Mpemba, naishi Maskati. Napenda kuchangia maji na misitu ya nyumbani lakini riba siitaki. Ipo njia?

Ndugu yetu, hatifungani za kawaida, pamoja na hizo mbili tulizozitaja, ni mkopo wenye riba. Jina la kijani haliondoi hilo.

Njia iliyopo duniani ni sukuk ya kijani. Badala ya kudai riba, wawekezaji wanamiliki kwa pamoja kitu au manufaa yake, mathalani mtambo wa umeme, na kupata kodi ya pango au sehemu ya faida. Malaysia ilitangulia mwaka 2017, pale kampuni ya Tadau Energy ilipopata ringgit milioni 250 kwa ajili ya umeme wa jua huko Sabah. Mwaka uliofuata Indonesia ikatoa sukuk ya kijani ya serikali ya dola bilioni 1.25.

Ukiletewa sukuk yoyote yenye jina la kijani, soma nyaraka mbili tofauti. Ya kwanza ni fatwa ya bodi ya masheikh, na humo uangalie mkataba ni wa aina gani. Ijara, yaani kumiliki na kupangisha, ina mali halisi nyuma yake. Murabaha, yaani kuuziana kitu kwa faida inayojulikana na kulipana baadaye, huishia kuwa deni la mauzo, na wanazuoni wengi hawakubali deni hilo kuuzwa kwa bei tofauti na thamani yake, hivyo kutoka mapema kunakuwa kugumu. Waraka wa pili ni ripoti ya mkaguzi wa upande wa kijani. Bodi ya masheikh haikagui misitu, na mkaguzi wa misitu hakagui riba.

Niko idara ya mipango katika halmashauri moja ya bara. Dampo letu limejaa na tunataka la kisasa, lenye sehemu ya kutengeneza mboji. Bajeti haitoshi. Tunaweza kutoa hatifungani ya kijani ya bilioni 10? Tuanzie wapi?

Anzieni kwenye daftari la mapato. Sherehe ya uzinduzi iwe ya mwisho kabisa kuwazwa.

Bilioni 10 kwa asilimia 13, zikilipwa kwa mafungu sawa miaka kumi, zinadai kama bilioni 1.84 kila mwaka. Hakuna mkopeshaji makini atakayekubali mapato yanayolingana na malipo hayo kamili bila akiba. Akitaka mapato halisi, baada ya mafuta, mishahara na matengenezo, yawe mara 1.3 ya malipo hayo, mnahitaji karibu bilioni 2.4 kwa mwaka.

Sasa pimeni taka. Tuseme mna kaya 30,000 na kila moja inatozwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Zote zikilipa, ni milioni 720 kwa mwaka. Nusu zikilipa, ni milioni 360, na hapo magari ya taka hayajatiwa mafuta. Mboji itasaidia kidogo kama kuna wakulima wa kuinunua, lakini mboji iliyotokana na taka zisizotenganishwa ina vipande vya chupa na plastiki, na mkulima akiiona mara moja harudi tena. Hesabu haikai. Tunasema wazi kwa sababu tunajua mtakutana na washauri watakaosema inakaa.

Miji iliyofanikiwa ilisimama juu ya mapato ya mji mzima. Johannesburg ilitoa hatifungani ya kijani ya randi bilioni 1.46 mwaka 2014, Cape Town ikatoa ya randi bilioni moja mwaka 2017, na mlipaji katika zote mbili alikuwa jiji lenyewe. Kwenu, njia yenye nafuu ni kuunganisha: chanzo chenye mapato imara, kama soko au stendi iliyojengwa kwa viwango vya kijani, kibebe sehemu ya deni, au dampo lijengwe kwa mkopo wa masharti nafuu na hatifungani ibaki kwa mradi unaojilipa. Tena gharama za kutoa hatifungani, yaani mwanasheria, mshauri mkuu, mkaguzi, ada za usajili, hazipungui sana kwa sababu deni ni dogo. Halmashauri ndogo inayotoa peke yake huzibeba zote.

Wakati mwingine mshirika wa nje hupunguza mzigo. Shelisheli mwaka 2018 walitoa hatifungani ya buluu ya dola milioni 15 kwa ajili ya bahari na uvuvi. Riba ilikuwa asilimia 6.5, lakini dhamana ya Benki ya Dunia na mkopo nafuu wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia, dola milioni 5 kila kimoja, vilishusha gharama kwa serikali hadi asilimia 2.8.

Kama mna chanzo cha mapato kinachotosha, kazi inakwenda hivi. Hesabu zenu za miaka kadhaa ziwe zimekaguliwa na CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, na hati safi ndiyo inayowafungulia mlango. Baraza la madiwani lipitishe, kisha kibali cha waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na cha Wizara ya Fedha, maana halmashauri haikopi kwa hiari yake. Andikeni mwongozo wa kijani unaofuata nguzo nne za Chama cha Kimataifa cha Masoko ya Mitaji, zilizochapishwa 2014: fedha zitatumika kwa nini, miradi itachaguliwaje, fedha zitatunzwaje, na taarifa zitatolewaje. Mkaguzi huru ausome na atoe maoni yake. Waraka wa matarajio uende CMSA, na baada ya kibali ndipo mauzo.

Nguzo ya tatu ndiyo inayoangusha wengi. Fungueni akaunti ya pekee, mapato ya mradi yaingie humo kwanza, na deni lilipwe kabla ya matumizi mengine. Wekeni pia akiba ya malipo ya miezi sita. Akaunti ikichanganywa na ya matumizi ya kawaida, fedha za mabomba huishia kwenye posho, na hakuna mkaguzi atakayeweza kuzifuatilia.

Na muda. Riba inaanza kuhesabiwa siku fedha zinapoingia, si siku mkandarasi anapofika. Bilioni 10 kwa asilimia 13 zinakula kama milioni 108 kila mwezi. Miezi tisa ya kugombania fidia ya ardhi ni karibu bilioni moja. Basi kabla ya kuuza hatifungani muwe na cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kutoka NEMC, baraza la mazingira la taifa, fidia iwe imelipwa, michoro imekamilika, na zabuni iko tayari kutangazwa kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma.

Mwisho, pimeni hali ya sasa kabla ya kuanza. Tani za taka zinazoingia, zinazoishia mitoni, kilomita za magari, lita za dizeli. Mkipima baada ya mradi tu, ripoti itasema "mazingira yameboreka", na hakuna atakayeweza kuithibitisha wala kuikanusha.

Nasoma Mombasa. Nitajuaje kama kampuni imepaka tu rangi ya kijani?

Dada au kaka, tazama kwanza kile ambacho fedha inarefusha maisha yake. Mwaka 2017 kampuni ya mafuta ya Repsol ya Hispania ilitoa hatifungani ya kijani ya yuro milioni 500 ili kupunguza moshi na matumizi ya nishati kwenye viwanda vyake vya kusafishia mafuta. Hewa chafu ingepungua kweli. Ila fedha ilikuwa inakifanya kiwanda cha mafuta kiendelee kuzalisha, na taasisi ya Climate Bonds ikakataa kuiingiza kwenye orodha yake ya hatifungani za kijani. Tunaona ilifanya sawa.

Jirani na wewe, kampuni ya Acorn Holdings walikusanya shilingi za Kenya bilioni 4.3 mwaka 2019 kwa asilimia 12.25, kujenga hosteli za wanafunzi Nairobi. Ukijani wake ulipimwa kwa EDGE, cheti cha kimataifa cha majengo ya kijani, kilichodai jengo lipunguze angalau asilimia 20 ya nishati, ya maji na ya nishati iliyotumika kwenye vifaa vya ujenzi, ukilinganisha na jengo la kawaida la eneo hilo. Hicho ni kipimo unachoweza kukidai. Zingatia pia kwamba GuarantCo, kampuni ya kutoa dhamana, ilidhamini asilimia 50. Neno "imedhaminiwa" kwenye tangazo lisikufanye uache kuuliza kiasi gani.

Kisa cha Mexico kinafundisha zaidi. Uwanja mpya wa ndege wa Mji wa Mexico, eneo la Texcoco, ulipewa dola bilioni 6 za hatifungani za kijani mwaka 2016 na 2017. Baada ya kura ya maoni ya Oktoba 2018, mradi ukafutwa ujenzi ukiwa umeshaanza. Serikali ikanunua tena hatifungani za dola bilioni 1.8, na zilizobaki zikaendelea kulipwa kwa ada za abiria wa uwanja wa zamani. Wenye hatifungani walilipwa. Kitu cha kijani walichoambiwa wanakijenga hakikujengwa.

Hapo pana pengo la kisheria ambalo wanunuzi wengi hawalioni. Katika hatifungani nyingi za kijani, kukosa kulipa riba ni kuvunja mkataba, lakini kutumia fedha kwa kitu kisicho cha kijani si kuvunja mkataba. Tafuta kwenye waraka kifungu cha matumizi ya fedha, uone kimeandikwa "itatumia" au "inakusudia kutumia". Kisha omba ripoti ya mwaka. Ripoti nzuri inataja kila mradi na fedha zake, kiasi ambacho hakijatumika na kiko wapi, na matokeo yaliyopimwa dhidi ya hali ya mwanzo. Ikiwa na kurasa arobaini za picha za watoto wakinywa maji na hakuna mita za ujazo hata moja, mwandikie mtoaji barua na nakala kwa mdhamini anayesimamia maslahi ya wenye hatifungani. Jina na anwani yake vimo kwenye waraka.

Nikifariki kabla haijaiva, watoto watapata?

Watapata, ni mali ya mirathi kama shamba. Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama anapeleka barua ya usimamizi, cheti cha kifo na namba ya akaunti ya CDS kwa dalali, kisha hatifungani inahamishiwa kwenye akaunti za warithi, nao wanaendelea kupokea riba au wanauza. Kinachokwamisha familia ni kutojua kama hatifungani ipo. Andika namba ya CDS na jina la dalali, weka pamoja na hati ya nyumba.